Tausi wa Fantina

Orsola alizaliwa Castello, mtaa wa Venisi, binti wa msokota kamba. Aliolewa na baharia, akafiwa naye kabla hajamzoea, akabaki na sindano yake ya lesi na binti mmoja, Fantina. Tauni ilipoingia mjini, Fantina alipelekwa kisiwa cha wagonjwa akazikwa hukohuko, kwenye chokaa, pamoja na watu asiowajua. Vitu vyake vyote vilichomwa. Ilisalia karatasi moja tu, kwa kuwa siku ile ilikuwa kwa jirani: tausi wawili wakinywea kikombe kimoja, aliowachora kwa mkono wake.

Bastian, mchonga vibao vya kuchapia picha, alikuwa akikusanya nakshi za kitabu cha mabibi washonao. Orsola akampa karatasi ile bila kudai malipo. Alitaka mawili: jina la Fantina lichapwe chini ya tausi, na karatasi irudi. Bastian akasema sawa, mama, ondoa shaka, kama tunavyowajibu watu tunapotaka waondoke.

Kwaresima ilipoanza, Orsola akaenda kuichukua.

"Karatasi?" Bastian akashangaa. "Mama, ile naigandisha kwenye ubao, nakata juu yake. Nikimaliza ni takataka, inaingia motoni."

"Uliniambia itarudi."

"Nikajua unataka tausi. Hawa hapa, tena mia tano. Ulidhani kisu kinachonga kwa dua?"

"Na jina lake?"

"Limekaa la bibi aliyegharamia kitabu. Nafasi haikutosha, mama yangu."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalochoma zaidi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bastian alijua mbao.

Wiki hiyohiyo, bibi mmoja akamletea Orsola ukurasa uliochanwa kitabuni. Alitaka kola ya tausi kabla ya Pasaka. Kazi yenyewe kila mshonaji anaijua: unalaza karatasi juu ya kitambaa, unatoboa kila mstari, unapitisha vumbi la mkaa ili mchoro ushike kitambaani. Baada ya kola mbili karatasi ni ya kutupwa.

Jirani yake Menega akamwona ameishika tu. "Mwambie huiwezi, dada."

"Ataitoboa mwingine."

"Basi na aitoboe."

"Mwingine hatajua ni ya nani," Orsola akasema. Akaibana karatasi kwa pini, akaanza kutoboa macho ya tausi.