Mazoezi ya Kumgeuza Bibi

Kosa lilikuwa langu mimi niliyetoa viti nje.

Nilikuwa najiandaa kwa usaili wa kazi ya kuhudumia wazee Ujerumani. Mwalimu wetu pale Tukuyu mjini alikuwa na mdoli mmoja wa mazoezi kwa darasa zima, na mimi foleni siiwezi, kwa hiyo nikaamua kufanyia mazoezi nyumbani Kisiba, kwa bibi yangu aliyenilea. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Jambo lililokuwa linaniuma hatukuwa tumelizungumza hata mara moja: kwamba akifa nikiwa huko, sitamzika.

Kitanda chake kimebana ukutani, nami nilihitaji kuzunguka pande zote. Basi nikatoa viti vyote uani, nikatandika godoro sebuleni, nikamlaza na kumfunika shuka jeupe. Nikamwambia ajilegeze kabisa, awe kama mgonjwa asiyejiweza, asinijibu chochote. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, hata migomba haionekani. Tulifundishwa kwamba kabla ya kumgusa mgonjwa lazima umwambie unachotaka kufanya, nami nikawa namwambia kwa Kijerumani, kwa sauti ya chini: sasa nakuosha mkono, sasa nakugeuza upande wa kushoto.

Bibi alijilegeza vizuri mno. Mkono niliouinua ulianguka wenyewe. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Nikamwita kwa Kiswahili. Hakujibu, na mimi ndiye niliyemkataza kujibu.

Hapo ndipo mama wa nyumba ya jirani alipotokea mlangoni. Aliona viti nje, godoro chini, bibi ndani ya shuka, na mimi nikimnong'oneza maneno asiyoyajua. Akashika kichwa, akapiga yowe, akageuka mbio kabla sijafungua mdomo.

Kwetu yowe la namna hiyo halirudi nyuma. Lilipokelewa nyumba ya pili, kisha ng'ambo ya bonde, sauti tupu ndani ya ukungu. Nikainuka nimkimbilie yule jirani. Vidole vikanikamata mkono, vikavu na vyenye nguvu.

"Kaa," bibi alisema bila kufumbua macho. "Waache waje. Nataka kusikia."

Nilikaa. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa yeye wakati ule. Wanawake waliingia mmoja mmoja, khanga mabegani, wakaketi kando ya ukuta wakilia. Mmoja alimlilia kwa Kinyakyusa, akataja mche wa mgomba aliopewa na bibi siku alipoolewa. Nje wanaume walikuwa wanatua kuni. Kila ilipoingia sauti mpya, vile vidole vilinibana kidogo chini ya shuka. Nami nikajikuta nalia kwelikweli.

Nilipolia, ndipo bibi alipoketi.

"Ndaga fijo," aliwaambia. "Asanteni. Nimewasikia."

Waliokuwa karibu na mlango walitimua mbio. Baadaye walirudi, wakacheka, wakapika ndizi walizokuja nazo, ila mimi hawakunitania. Walikuwa wananitazama mikono, kana kwamba ndiyo iliyomfufua.

Walipoondoka nilimwuliza bibi, kwa hasira, kwa nini alinifanyia vile.

"Siku yenyewe hutakuwepo," alisema. "Nilitaka nawe uwe msibani. Sasa umeshanililia. Wakikupigia simu, usiache kazi ya watu."

Wiki iliyofuata nilifanya usaili, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Mwanamke wa upande wa pili aliniuliza kama nyumbani kuna mtu ambaye akiugua au akifa nitavunja mkataba nirudi. Bibi alikuwa ameketi mbele yangu, nyuma ya simu, anamenya maharage. Kijerumani hakijui, lakini aliacha kumenya, akanitazama.

"Hapana," nilijibu. "Nilikuwa na bibi tu, na tumeshamlilia."

Yule mwanamke akanipa pole. Bibi akaitikia kwa kichwa, akaendelea na maharage yake.