Udongo Hukaushwa Kivulini

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya udongo, hapa Butembo, nilikosea kwa bidii. Nilipewa udongo wa kupima zebaki. Ulikuwa umelowa, nami nikauweka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ukauke upesi. Mkuu wa maabara akaingia.

"Masika, unapika bugali? Fungua dirisha! Mercure inaruka na moto. Sasa utapima nini?"

Kweli, zebaki ikipata joto hupaa hewani. Tangu hapo nilikausha udongo kivulini, siku tatu, bila haraka.

Ukikauka tuliuloweka katika tindikali, tukachuja, kisha tukatumbukiza elektrodi, yaani kijiti cha dhahabu chenye umeme mdogo. Zebaki na dhahabu ni chanda na pete, hugandana. Tukigeuza umeme, zebaki hubanduka na mashine huchora kilima kwenye karatasi. Kilima kirefu, zebaki nyingi. Mashine haina shemeji wala rafiki.

Mkuu alipostaafu, akaja Mkurugenzi mpya. Ndipo nikapima udongo wa bustani ya Mama Kavira wa mtaa wa Mususa, mjane aliyeishi kwa kuuza mboga za lengalenga. Nyuma ya ua wake wanunuzi wa dhahabu, marafiki zake Mkurugenzi, walichoma zebaki kutwa ili dhahabu ibaki peke yake. Kilima kiligonga ukingo wa karatasi. Mkurugenzi alikitazama, akafunga mlango.

"Ile udongo, ukaushe tena. Safari hii na moto. Kilima itashuka."

"Na Mama Kavira, atakula nini na batoto? Mercure?"

"Ile haiko kazi yako."

"Directeur, mimi hapana pika udongo mara mbili."

Nilitia sahihi kilima kama kilivyokuwa, na nakala nikampelekea Mama Kavira mwenyewe. Aling'oa mboga zake huku analia, akaenda kulima mbali na moshi ule. Wiki hiyohiyo nikapewa barua ya uhamisho: Beni, kupima uchachu wa udongo wa kakao. Walidhani wamenizika. Nilikaa huko hadi kustaafu, na kila aliyeniuliza habari za Mususa nilimweleza yote, kwa sauti kubwa. Vijana huniuliza kama najuta. Sijuti hata chembe, na hasira yangu haijastaafu.

Juzi Mkurugenzi, mzee sasa kama mimi, alibisha mlangoni kwangu ameshika kifuko.

"Mama Masika, unisaidie ku labo. Iko udongo ya parcelle yangu, kiwanja ya nyumba. Bajukuu bangu banachezea pale."

Sikumpa kiti. Nilimuuliza jambo moja tu: ameukaushaje?

Alitazama viatu vyake.

"Mu kivuli," akasema. "Siku tatu."