Mgeni Aliyemjua Binti Kuliko Baba

Juzi, ndani ya boti itokayo uwanja wa ndege wa Manda kuja Amu, nilikaa karibu na baba mmoja aliyekuwa amekwenda na bintiye kumpokea mgeni, msichana wa Kijerumani. Wasichana hao walijuana mtandaoni kupitia shule zao. Siku hiyo ndipo walipoonana ana kwa ana kwa mara ya kwanza.

"Huyu wangu atakuwa daktari," baba alijigamba.

"Hapana, Baba," mgeni akasema kwa Kiswahili cha kujifunza. "Anataka kuwa rubani."

Binti aliinama.

"Amekwambia lini?" baba akamuuliza mgeni.

"Mwaka jana. Kwa simu."

Baba alivuta kofia hadi kwenye nyusi. "Mwaka jana! Nami nalala chumba cha pili."

Wivu wake ulinihamia. Nilipofika nyumbani nilibisha hodi chumbani kwa binti yangu.

"Kuna nini, Baba?" aliuliza, simu ikiwa sikioni.

Nikasema nimekuja kumsalimia tu.