Biira Alivyopimwa Kama Kahawa

Edisa wa Nyakiyumbu hajui kusoma gazeti, wala hajawahi kulitamani. Darasa alisoma mpaka la pili, baba yake akamtoa akachunge mbuzi, na herufi alizobaki nazo zinatosha kuandika jina lake tu, tena kwa kubonyeza kalamu mpaka karatasi itoboke. Lakini mwekee mizani mbele yake! Sindano ikitikisika kidogo tu, yeye ameshajua. Miaka thelathini amenunua kahawa ya wakulima wanaoteremka mlimani, na hakuna hata mmoja aliyerudi na kusema, "Mama, umenipunja." Mizani yenyewe ni ile ya kuning'inia, yenye uso kama saa na ndoano chini, imefungwa kwenye boriti ya baraza lake, upande wa barabara ya Bwera. Kila apitaye anaiona. Edisa alipenda ionekane.

Katika nyumba hiyo alimlea Biira, binti wa mwanawe Semu. Mama wa mtoto alifariki Biira hajaota meno, na Semu akaenda kulima mpunga kule Mubuku, akawa mtu wa kuja Krismasi na Pasaka. Kwa hiyo mkono uliomlisha Biira ulikuwa mkono wa Edisa. Kwake watu wanakula sahani moja, na hakuna anayegusa bundu, ule ugali wa muhogo, kabla Edisa hajamega tonge la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na kumpa mjukuu wake. Hata Biira alipofika sekondari mambo yalikuwa vile vile.

"Mukaka," angesema, maana ndivyo Wakonzo wanavyomwita bibi, "mimi si mutoto tena."

"Funga mdomo," Edisa angejibu. "Hapana, fungua."

Wakacheka wote wawili, na tonge likaingia.

Kosa lilifanyika Desemba ya mwaka 2016. Biira alikuwa na miaka kumi na tano, amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya Kasese, amenawiri, mashavu yamejaa, sketi imembana. Edisa alifurahi mpaka akakosa usingizi. Mtu wa umri wake, aliyeona njaa, aliyezika watoto wa dada zake waliokaushwa na slim, yaani ukimwi, kwake mtoto aliyejaa ni sifa ya nyumba. Akataka watu waione sifa yake. Na siku hiyo baraza lilikuwa limejaa: wakulima na magunia yao, vijana wa bodaboda wakingoja abiria, na Tsongo, mpagazi wake, amesimama na jasho lake.

"Tsongo," Edisa akasema, "tundika hiki kigunia kipya."

"Nani anauza?"

"Mimi. Nimekilima miaka kumi na tano."

Biira alikuwa bado anacheka Tsongo alipomkalisha kwenye kitanzi cha kamba na kumwinua. Miguu ikaning'inia. Sindano ikazunguka. Edisa akaisoma kwa sauti ile ile ya kazi, wote wasikie. Kisha akafanya kile anachofanya kila mnunuzi akiletewa kahawa ambayo haijakauka sawasawa: akamfinya shavu, akatikisa kichwa, akasema, "Iko na maji hii. Toa kilo mbili!"

Baraza zima likaangua kicheko. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga mluzi. "Mama, hata na maji yake, mimi nanunua!"

Biira akashuka, akavuta sketi yake chini, akaingia ndani. Edisa alidhani ameenda kuchukua mtungi. Akaita gunia linalofuata.

Tangu siku hiyo vijana wa stendi wakampa jina, Gunia. Na tangu siku hiyo Biira akawa anashiba kabla ya kula. Tonge la kwanza alilipokea kwa adabu, akaligeuzageuza, likapotelea kwenye pindo la kitenge. Waliomwambia Edisa ukweli ni kuku: walikuwa wanamfuata Biira kila aendako, hata akienda kanisani walimsindikiza mpaka njia panda.

Hapo mtu mwenye hekima angekaa chini akauliza. Edisa hakuuliza. Alisimama mlangoni na mwiko. "Chakula cha mkono wangu ndio unapa kuku? Utakula hapo, nikikuona!" Biira alikula akilia, na chakula kilicholiwa hivyo hakikukaa tumboni. Majirani wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ana mimba, wengine wakasema ni slim, na mmoja akathubutu kusema kwamba Edisa anamnyima chakula yatima. Neno hilo lilimuuma Edisa kuliko yote. Kwa ajili ya neno hilo, Semu alipopiga simu akimwomba ampeleke mtoto hospitali, alikataa. Aende naye akapite sokoni, watu wahesabu mifupa? Shule ikafunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Nywele za Biira zikawa zinabaki kwenye kitana. Kasese ile ya jua kali, yeye anavaa sweta.

Mwezi wa nane, mwaka 2017, alianguka mstarini asubuhi, wanafunzi wanaimba wimbo wa shule. Semu alifika kutoka Mubuku na matope ya mpunga miguuni. Edisa alimkuta mjukuu wake amelazwa hospitalini na mpira wa maji mkononi, mkono wenyewe kama wa mtoto wa miaka minane.

Muuguzi, Musawo Robinah, aliwatoa nje ya wodi. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyepaza sauti.

"Mukaka, mwili wa huyu mtoto umeanza kujila wenyewe. Na moyo nao ni nyama. Umedhoofika."

"Basi muwekee dawa ya hamu ya kula."

"Hamu anayo. Anaiogopa. Huu ni ugonjwa wa kichwani na tumboni kwa pamoja."

"Huo ni wa wazungu," Edisa akasema. "Kwetu mtu hakatai chakula. Chakula ndicho kinamkataa mtu."

"Wewe unaishi mpakani na Kongo, mama. Unajua ni vitu vingapi vinapita bila kuonyesha pasipoti."

Semu alicheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Edisa hakucheka.

Wiki nne Biira alikaa pale, wakimrudisha polepole, uji kidogo, maziwa kidogo, wakimpima moyo, kwa sababu mwili uliozoea njaa ukishtuliwa kwa chakula kingi unaweza kumwua mwenyewe. Siku ya kutoka, Robinah akataja masharti. Ale mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Asile peke yake. Asibebe maji wala kupanda mlima mpaka moyo upate nguvu. Uzito utapimwa kliniki tu, naye akiipa mizani mgongo, na namba asitajiwe. Na asiwepo wa kuongelea mwili wake, si kukonda, si kunenepa.

"Hata nikiona amependeza?" Edisa akauliza.

"Hata hapo. Mwambie habari za mbuzi."

Ndipo Biira aliposema, macho yake sakafuni: "Nitarudi nyumbani. Lakini ile kitu ishuke."

"Kitu gani?"

"Mizani."

Edisa alikaza kitenge chake kiunoni. Mbele ya muuguzi, mbele ya mwanawe! "Mizani ni jembe langu," akasema. "Nani anavunja jembe lake kwa sababu mtoto amelikasirikia?"

"Mama," Semu akasema, "ni misumari minne tu."

"Hata ingekuwa mmoja."

Biira hakubishana. "Basi niende kwa Mama Marlène."

Marlène alikuwa Mkongomani wa Butembo, mjane, anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na baraza la Edisa. Alimpokea mtoto siku hiyo hiyo. Kwa mwaka mmoja na nusu Edisa aliangalia mjukuu wake akirudishwa duniani na mkono mwingine, kutoka umbali wa kurusha jiwe. Misumari minne. Angeweza kuing'oa asubuhi moja kabla chai haijachemka. Hilo ndilo linalomrudia mpaka leo akiwa anachambua kahawa.

Habari alizipata kwa Marlène, kisimani.

"Leo amekula ndizi, akaomba chumvi. Mutu anayeomba chumvi, iko anasikia utamu."

"Amelia?"

"Amelia kidogo. Nikamuhadisia vile bwana yangu aliniposa na sabuni. Akacheka, akamaliza."

Siku nyingine: "Usingizi imerudi." Na siku nyingine, kwa sauti ya chini, kama wanawake wanavyosema: "Mwezi yake imerudi, Mama Edisa. Nilimushukuru Bikira Maria."

Edisa akageuka, akajifanya anafunga mtungi. Siku ile alisaga karanga kwa mkono wake, akapika mchuzi wake na samaki mkavu, akauvusha barabara kwenye bakuli lenye mfuniko. "Mpe. Sema umepika wewe."

"Mimi sitamudanganya," Marlène akasema. "Ile mutoto, uongo ndiyo ilimugonjwesha. Nitasema imetoka kwako."

Bakuli lilirudi jioni. Limeoshwa, lakini Edisa alikuwa ameona mbwa wa Marlène akilamba midomo.

Mwaka ule ambao watu wa mpakani Mpondwe walikuwa wananawa dawa na kupimwa joto kwa ajili ya Ebola, Robinah aliruhusu Biira atembee mlimani. Kisha akamruhusu kubeba maji, lita tano, halafu kumi. Edisa alisimama barazani siku aliyomwona akipita na dumu la ishirini kichwani, shingo imenyooka, kisigino kinapiga ardhi kama cha mwenye shamba. Alitaka kupiga vigelegele. Akakumbuka masharti. Akaita ng'ambo ya barabara, "Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha!"

Biira alisita. "Wazima?"

"Wazima."

Akaendelea na njia yake. Neno moja tu, lakini Edisa alikaa nalo wiki nzima. Akaamua kutubu. Na kwa vile ulimi wake haukuzoea kuomba radhi, akachagua njia aliyoijua. Siku ya kununua, baraza limejaa kama siku ile, akamwambia Tsongo, "Nitundike."

"Mama?"

"Huna masikio? Nitundike, watu wacheke. Mimi pia ni gunia."

Tsongo akamwinua. Mama mzima wa miaka sabini akaning'inia pale, kitenge kimepanda mpaka magotini, viatu vya plastiki vimemdondoka. Hakuna aliyecheka. Wakulima walitazama chini. Edisa akapaza sauti kuelekea ng'ambo: "Biira! Njoo usome wewe! Toa kilo za maji unazotaka!"

Biira alivuka barabara mbio. Hakuitazama sindano. Aliipa mgongo, kama alivyofundishwa, akaingiza mikono yake chini ya makwapa ya bibi yake.

"Mukaka, shuka."

"Nataka wanione vile walikuona wewe."

"Ndiyo unafanya tena!" Biira akasema, na sauti ikapasuka. "Umeita watu tena. Mimi sikutaka uaibike. Nilitaka ishuke tu."

Akamwinua kutoka kwenye kamba, peke yake, Tsongo hajasogea. Edisa alisikia nguvu ya ile mikono ikimbeba mpaka miguu yake ilipogusa sakafu. Akamtuma Tsongo alete nyundo. Misumari ilikuwa imeshika kutu, ikatoka ikilia.

Jumapili iliyofuata Biira alikuja kula. Alikuja na Marlène, na chini ya kwapa amebeba sahani yake mwenyewe, ya bati, yenye ua jekundu. Walikaa mkekani. Wakaongea habari za mbuzi mapacha. Edisa alinawa, akaomba baraka, na mkono ukaenda wenyewe, kama ulivyoenda miaka kumi na tano: ukamega, ukabonyeza, ukachovya, ukanyooka.

Biira alilitazama tonge. Hakukasirika.

"Niwekee bundu kwenye sahani yangu, Mukaka. Nitamega mwenyewe."

Edisa akamwekea. Biira akala, akaongeza, akamaliza, akapangusa sahani kwa kidole. Lile tonge la kwanza Edisa alikuwa bado amelishika. Kuku walikuwa mlangoni wanangoja. Hakuwapa. Alilitia kinywani mwake mwenyewe, limeshapoa, akatafuna.