Mchumba wa Manowari

Gregory alikuja Minnesota kusomea historia, na kati ya mambo yote yaliyowahi kutokea duniani akachagua manowari moja ya matanga ya Waingereza, Temperance. Aliisomea mpaka Watanzania wenzake wa Brooklyn Park wakahitimu, wakaoa, wakaota vitambi. Manowari yenyewe ilijengwa kwa mbao mbichi, ikavuja siku ya kuzinduliwa, ikakosa vita vyote vya zama zake kwa kuwa ilikuwa matengenezoni, na mwishowe ikafungwa gatini kuwa ghala la makaa ya mawe. Gregory aliizungumzia kama mjane anavyomzungumzia marehemu.

Ndipo akataka kumwoa Laurencia, muuguzi wa Saint Paul, aliyempenda kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzieleza.

Siku ya posa, Enock, dereva wa lori aliyekubali kuwa mshenga, alimwonya garini: "Mle ndani naongea mimi. Wewe ni pambo. Umewahi kusikia ua likichangia hoja?"

"Nimeelewa, kaka."

Sebuleni kwa Mzee Jairus, baba mdogo wa Laurencia, Enock alichanua. Alisifu ukoo, akasifu tabia, kisha, alipoona mzee anasinzia, akaongeza: "Na meli anayoisomea kijana wetu, mzee, ndiyo iliyowakamata wauza watumwa kule kwetu pwani."

Mzee akafumbua macho. "Kumbe! Bibi yangu alinisimulia habari hizo." Akageukia jikoni. "Mwiteni binti, tumuulize kama anawafahamu wageni hawa."

Posa ikifika hapo imekwisha. Gregory alibakiwa na kazi ya kupumua tu.

"Samahani," akasema. Enock akamkanyaga mguu. "Haikufika kwetu hata siku moja. Ilikwama topeni, mtoni, huko huko Uingereza."

"Ikimkimbiza nani?"

"Ilikuwa inapeleka viazi."

Mzee akauliza: "Na nahodha wake walimfanyaje?"

Gregory akasogea ukingoni mwa kiti, uso unameremeta. Tangu azaliwe hakuwahi kuulizwa swali tamu namna hiyo. "Walimpandisha cheo, mzee!"

"Ahaa. Basi hapa si Uingereza, baba."

Laurencia alikuwa ameshasimama mlangoni. Alipoulizwa kama anawafahamu wageni, alimtazama Gregory, ambaye alikuwa anatafuta kwenye simu ramani ya lile tope.

"Huyu dereva namfahamu," akasema, akaenda kuwaletea makoti yao.