Koti la Mtu wa Mwisho

Kashindye Mhoja ana gereji pale Igogo, mabati manne juu ya nguzo za mikaratusi, na kwa miaka saba ametengeneza pikipiki za chama chetu chote. Namsimulia mimi, Revocatus, mwalimu wa hesabu, kwa sababu wenzangu wakimsimulia husema tu kwamba alianguka. Kuanguka alianguka kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari, tena ile isiyotuumbua.

Chama chetu kinaitwa Jiwe Kuu. Tuko kumi na mmoja: daktari, wakili, watu wa benki, na mimi niliyejikamua nikanunua pikipiki kubwa iliyochakaa ili nami nionekane. Jumamosi moja kila mwezi tunatoka asubuhi na kurudi jioni. Anayetaka kujiunga husafiri nasi mara tatu kama mgeni, na baada ya safari ya tatu huvishwa koti jeusi lenye picha ya jiwe mgongoni. Kashindye alikuwa amebakiza safari moja.

Alilitaka lile koti waziwazi, bila kujidai. "Mwalimu, nikilipata naenda nalo Magu kwa baba mkwe," aliniambia akiwa amechuchumaa mbele ya gurudumu langu. "Yule mzee ananiita mlamba grisi mbele ya wanangu. Nitakaa nalo sebuleni kwake hata jua liwe kali namna gani." Pikipiki yake ilikuwa ya Kichina, kama za bodaboda, lakini alikuwa ameifungua na kuifunga mpaka ikawa inapanda mlima kuliko yangu.

Mkuu wetu wa msafara ni Deodatus, wakili, mtu wa Bukoba. Sijawahi kumsikia akitaja jina la Kashindye. Kwake alikuwa Ngosha tu, kama anavyomwita kila Msukuma. "Ngosha atakuwa mkia," alisema asubuhi ile, na hakuna aliyebisha.

Mkia ni yule anayekaa mwisho. Anabeba spana na kebo za akiba, hampiti mtu, na yeyote akiharibikiwa anabaki naye. Ili mkia naye asipotee tuna sheria moja, ya kwanza kufundishwa mgeni: kila mtu amchunge wa nyuma yake kwenye kioo. Ukimkosa, simama. Aliye mbele yako naye atakukosa, atasimama, mpaka msafara wote usimame. Kwa vyama vingine mkia hupewa mtu wa heshima. Sisi tulimpa fundi kwa sababu hakuna aliyetaka kula vumbi.

Tulivuka daraja la Busisi kukiwa bado na ubaridi wa ziwa, tukapita Sengerema, kisha tukaacha lami tukashika njia ya vumbi inayokatisha milima mitatu kabla ya kuelekea Geita. Mbele ya Kashindye nilikuwa mimi. Yaani mtu wa kumchunga Kashindye nilikuwa mimi.

Kwenye mlima wa pili kebo yangu ya klachi ikakatika. Wenzangu walituona tukisimama, lakini Deodatus akapiga honi mbili, maana yake tuwakute kileleni mwa mlima wa tatu, mahali pa kupiga picha. Kashindye alinibadilishia kebo kwa dakika ishirini, jua likiwa utosini, huku akinitania kwamba pikipiki yangu inataka kustaafu kabla yangu. Akajipangusa mikono. "Tangulia, mwalimu. Nafunga vifaa nakuja."

Nikatangulia. Kona ya kwanza nikatazama kioo, hayupo. Ya pili, hayupo. Nilipofika kileleni mwa ule mlima wa pili nikasimama bila kuzima injini, nikampigia simu mara moja. Hapatikani. Ng'ambo niliona vumbi la wenzangu likiwa karibu kufika juu, na nikajua nikigeuza, picha itapigwa bila mimi. Nikajiambia, huyu ni fundi, atajijua. Nikaingiza gia nikashuka.

Nilifika, tukapanga pikipiki, Deodatus akahesabu kwa kidole. "Kumi na moja. Tumetimia." Mimi nafundisha hesabu, na nilijua tumetoka Igogo na pikipiki kumi na mbili. Sikusema. Ningesema ningeambiwa, rudi ukamwangalie, na Geita kulikuwa na mbuzi aliyeshachomwa. Baada ya kula tulirudi kwa lami, njia nyingine kabisa, tukicheka.

Saa kumi na moja jioni tulipita gerejini kwa mazoea. Sabina, mke wa Kashindye, alikuwa ameketi chini ya mabati. "Shemeji, mwenzenu mmemwacha wapi?" Aliniuliza mimi. Deodatus akageuka akanitazama.

Kashindye alikuwa ameteleza kwenye changarawe kona tatu tu kutoka pale aliponitengenezea. Pikipiki ilimwangukia mguuni mtaroni. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo alimsikia, akashindwa kuinyanyua peke yake, akakaa naye akimkinga jua kwa khanga, kwa zaidi ya saa mbili, mpaka wakapita watu. Mguu uliungwa, ila umekuwa mfupi.

Tulimpelekea koti hospitalini. Deodatus akamvisha pale kitandani, tukapiga picha. Kashindye aliniuliza jambo moja tu: "Ile kebo haijakusumbua tena?" Heri angenitukana.

Siku hizi anafanya kazi amekaa kwenye kigoda. Koti sijaliona mwilini mwake, na Magu hajaenda. Siku moja nikajikaza nikauliza liko wapi. "Nilimpelekea yule mama," alisema, akiendelea kukaza nati. "Lile ni la watu wa safari moja. Yeye ndiye alikuwa na mimi."

Mwezi uliopita tulipita tena njia ile. Mkia nilikuwa mimi, niliomba mwenyewe. Kwenye ile kona tukamkuta yule mama shambani, ameinama na jembe, jiwe letu mgongoni, limepauka kwa jua. Deodatus akasimamisha msafara, akanijia nyuma, akaninong'oneza. "Mwalimu, kalichukue. Ile ni mali ya chama."

Nikavuka mtaro. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaegemea jembe, akatutazama mmoja mmoja. "Kwenu kuna mwalimu. Ni yupi?"

"Kwa nini, mama?"

"Siku ile nilitaka kukimbia barabara kubwa kuita watu. Yule fundi akanizuia. Tulikuwa tunasikia pikipiki imesimama juu kule, inanguruma. Akaniambia, tulia mama, huyo ni mwalimu, anageuza. Tukakaa tunasikiliza." Akapangusa jasho kwa mkono wa koti letu. "Nataka tu nimjue sura."

Nikamwambia mwalimu hakuja leo.