Siku Kiguu na Njia Alipoombwa Akae

Kwanza ujue jambo moja: huyu bwana hakai. Nimemfahamu tangu tukiwa na makamasi puani, na sijapata kumwona akimaliza chai akiwa kitini. Tulimwita Kiguu na Njia, jina likamganda, hata mkewe akalipokea. Nyumbani kwao ana kiti chake mwenyewe, na kiti hicho kazi yake ni kutundikiwa nguo. Anakula kasimama mlangoni, sahani kiganjani, macho nje. "Kwani ukikaa utaota mizizi?" mkewe humuuliza. Yeye hucheka, hulamba kijiko, huyoo, keshatoka.

Kazi nayo ilimfaa. Anasukuma wagonjwa hospitalini, kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji na kurudi. Anajua machela ipi gurudumu lake linavuta kushoto, na mlango upi unasukumwa kwa kisigino. Wenzake wakipumzika ukutani, yeye hukunja mashuka ambayo hakuna aliyemwomba ayakunje.

Watu husema eti ni tabia yake tu. Hasira hunipanda nikisikia hivyo, maana mimi najua aliupata wapi ugonjwa huo. Tulikuwa pamoja, mimi, yeye na Bonge. Siku hizi mimi nashona mapazia, Bonge anaziba pancha. Wakati ule tulikalia dawati moja la nyuma, lenye mguu mbovu, na hakuna kati yetu aliyekuwa na viatu. Sheria ya shule ilikuwa fupi: asiye na viatu arudi kwao. Mwalimu wa zamu alipita darasani ameinama, akikagua miguu chini ya madawati. Ukikamatwa, nje. Nyumbani nako ukafanye nini? Viatu havikuota huko.

Kiguu ndiye aliyegundua dawa: aliyebeba kitu haulizwi. Tukisikia hatua za mwalimu barazani, tunanyanyua dawati letu bovu, sisi watatu, nyuso za kazi, tunatoka nalo. Kila mwalimu alidhani tumetumwa na mwenzake. Tulilitua nyuma ya jiko la shule, kisha tukarudi kusimama chini ya dirisha kusikiliza somo. Lile dawati lilitembea kuliko mkaguzi wa elimu! Tukikutana sasa tunalicheka mpaka mbavu zinauma. Kicheko kikiisha, kila mtu hutazama pembeni.

Basi mwaka huu binti yake wa pekee alikuwa anamaliza shule, na alichaguliwa kusoma risala ya wahitimu. Akamwomba baba yake kitu kimoja.

"Baba, kila nikiwa na shughuli unaishia kubeba viti. Siku ya mdahalo nilikutafuta, nikaona mgongo tu, unatoka na meza. Safari hii nikitazama toka jukwaani, nataka nikuone umekaa. Ni hilo tu."

Kiguu alikuja kwangu akaizunguka cherehani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Dada, nitaweza?"

"Utaweza. Mimi kushoto, Bonge kulia. Ukitaka kutoroka, mruke Bonge."

Siku ikafika. Tulipewa benchi la mbele, la watu watatu, karibu na mlango. Viatu vyetu vilimeremeta. Goti la Kiguu likaanza kuchezacheza, Bonge akalibana kwa kiganja.

"Tulia, mzee."

"Mbona nimetulia?"

"Basi lijulishe na goti."

Binti akapanda jukwaani na joho lake. Akamtafuta baba yake, akamwona amekaa kitako kama mkwe ugenini, akatabasamu. Roho yangu ikatua. Akasoma mistari ya mwanzo, mara kipaza sauti kikazimika. Mwalimu mmoja akashuka jukwaani kutafuta waya uliochomoka. Akaja kwenye mstari wetu, ameinama, anatazama chini ya miguu ya watu.

Naapa, hakuna kati yetu aliyesema neno. Nilipozinduka tulikuwa uani, juani, na mikono yangu imeshika benchi. Mimi, niliyekuja kumzuia, ndiye niliyenyanyua upande wa kushoto! Bonge alikuwa anahema upande wa pili. Kiguu yuko katikati, uso wa kazi. Mlangoni walimu walikuwa wametupisha, mmoja akatushikia na pazia.

Kiguu ndiye aliyeshtuka kwanza. "Jamani," alisema, "tumefanya nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mtoto aliomba kitu kimoja tu.

Tukasikia hatua nyuma yetu. Alikuwa yeye, risala mkononi, joho linaburura vumbi. Nilijua atalia, au atamfokea, na angekuwa na haki. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akalitazama benchi.

"Baba, mnalipeleka wapi?"

Miaka yote ile, walimu wote wale, hakuna aliyewahi kutuuliza swali hilo. Kiguu machozi yakamtoka bila aibu.

"Hatulipeleki popote, mwanangu," alisema. "Hatukuwa na viatu. Mwalimu akija kukagua, tulikuwa tunabeba dawati ili tusifukuzwe."

Hakuwahi kumsimulia. Binti akatazama viatu vya baba yake vilivyong'aa.

"Basi litueni," alisema.

Tukalitua.

"Kaeni."

Tukakaa, palepale uani, jua la utosi. Akasimama mbele yetu, akaikunjua risala, akaanza kuisoma upya tangu mwanzo, kwa sauti yake tupu. Ndani kipaza sauti kikapona, tukasikia wanamwita arudi. Kiguu akashika ukingo wa benchi ili anyanyuke.

"Wewe kaa, baba," binti alisema. "Sijamaliza."

Akakaa.